Kwao Kulikuwa Hatua Nne

Nilifika Guangzhou mara ya kwanza nikiwa na cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni, wana wanne wa kiume, watu wazima, niliowaacha Tanga, na imani kubwa kwamba Wahindi nawajua. Wahindi niliowajua mimi ni wale wa madukani kwetu, wasiokula hata yai, ambao ukipita na samaki mbele ya mlango wao wanageuza uso mpaka ufike pwani. Kwa hiyo nilipopanga nyumba ndogo ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Dengfeng, mtaa wanakokaa Waafrika wengi, nikaambiwa mlango unaotazamana na wangu wanakaa Wahindi, mtu na mkewe, nilijipa pole mapema. Nikajisemea, dagaa, kwaheri ya kuonana.

Siku ya pili yake korido ilinuka papa. Tena papa mkavu aliyeungwa kwa nazi, harufu ya kukutoa machozi mtu uliye mbali na kwenu. Nilidhani upweke umenipanda kichwani. Nikafungua mlango. Mlango wa pili nao ulikuwa wazi, na ndani yake msichana mwenye nywele zilizokolea mafuta mpaka ungeweza kujitazamia, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mbuzi kabisa, kama ya mama yangu: ubao wa kukalia, na ulimi wa chuma wenye meno mbele. Alikuwa ameibeba kutoka kwao ndani ya sanduku la nguo za harusi, akaivusha forodha zote, na maofisa wakamwachia kwa sababu hakuna aliyejua ile ni silaha ya aina gani.

Nikamwonyesha kwa ishara: sogea. Akasogea. Nikakaa nikamaliza ile nazi kwa pumzi moja, na undugu ukaanzia hapo.

Wenyewe wakaniambia kwamba wao ni Wamalayali, watu wa Kerala, pwani ya kusini ya India. Kwao kuna minazi, mihogo, samaki na mvua, nami nikawaambia basi ni watu wa Tanga waliopotea njia. Tulizungumza Kiingereza, wao cha chuo, mimi cha masomo ya jioni, na kile changu ndicho kilichokuwa na sauti kubwa. Mume kazi yake ilikuwa kukagua vitambaa kule Zhongda, ng'ambo ya mto, kwenye soko la nguo lisilo na mwisho ambako nami nilikuwa nanunua mzigo wangu. Alikuwa na jicho la kuona uzi mmoja uliokatika katika jora zima. Wauza vitambaa walimwogopa kuliko polisi.

Nikikaa kuzieleza tabia zao nitajaza kabati. Walioga asubuhi, wakaoga jioni, na nina hakika wakipelekwa jangwani wataoga mchanga. Kabla ya kuoga, mafuta ya nazi kichwani. Maji ya kunywa waliyachemsha na vijiti vya mti fulani mpaka yakawa mekundu. Siku ya kwanza nilifurahi nikidhani nimekaribishwa sharbati ya zabibu. Bwana alisoma gazeti la kwao kila asubuhi, ukurasa hadi ukurasa, gazeti la wiki tatu zilizopita, akakasirikia serikali kana kwamba mambo yametokea usiku uleule. Ukimwuliza jambo, kichwa chake kinayumba kulia na kushoto, wala hujui amekubali au shingo imemuuma. Tena kwao humwiti mtu mzima kwa jina. Mimi nilikuwa nimewazidi wote wawili umri, kwa hiyo nikawa *chechi*, yaani dada mkubwa, na watoto wa jengo zima wakaanza kuniita hivyo, na mwenye nyumba wetu, mama wa Kikantoni tuliyemwita *ayi*, shangazi, naye akanifuata na chechi yake. Mpaka leo sidhani kama anajua jina langu.

Kisha msichana akapata mimba, mimba yake ya kwanza, na mwezi wa tano akaona damu. Daktari akamwambia alale, na kupanda ndege asiote hata ndotoni mpaka ajifungue.

Mimi nilidhani hilo la ndege ni dogo. Hospitali zipo, mume yupo, mimi nipo. Lakini kadiri siku zilivyosogea, yule msichana akaacha kula. Sikuwahi kuona Mmalayali akiacha wali, na nilijua hali ni mbaya siku nilipoona sahani yake ina kilima cha wali hakijaguswa na mumewe amekaa kando anakitazama kama mtu aliyefiwa.

"Chechi, hali," akaniambia koridoni.

"Hali nini?"

"Hali chochote. Daktari amesema kilo zikipungua tena atamlaza hospitali mpaka siku ya kuzaa."

"Umempikia nini?"

"Kila kitu."

"Huo wali wako?"

Kichwa kikayumba. Nikaingia nikamfuata chumbani. Alikuwa ameugeukia ukuta. Nikamkalia miguuni, nikamwambia kwamba mimi nina wana wanne, wote wakubwa kama milango ya msikiti, na kila mmoja nilimchukua nikila udongo na ndimu, kwa hiyo aseme tu anachokitamani nami nitakwenda kukitafuta mpaka Beijing.

Kisha akasema, bila kugeuka, "Mwezi wa saba unaingia wiki ijayo."

"Enhe."

"Kwetu mama angekuja."

Akanieleza. Mimba ya kwanza, mwezi wa saba, mama wa binti hufika kwa mkwe wake na wanawake wa ukoo, na vitamutamu kwenye masinia, wakamchukua binti yao wakarudi naye kwao. Huko ndiko anakojifungulia, hukandwa na kuogeshwa, na mume huenda kumtazama kama mgeni, mpaka siku zitimie aje kumwomba upya. Lakini mama yake yeye hakuweza kusafiri. Alikuwa anamuuguza baba aliyeanguka akalegea upande mmoja.

"Mwanamke asiyechukuliwa," akasema, "watu huuliza kwao wamemkosea nini. Au yeye amewakosea nini."

Hapo ndipo nilipojiona mjinga wa darasa la watu wazima. Mambo ya kuelezwa mimi hayo? Kwetu Tanga mimba ya kwanza unazalia wapi, kama si kwenu? Nilikuwa nimekaa mwezi mzima namletea uji na supu mtu ambaye njaa yake ni ya mlango wa kwao.

Basi nikasema, kwa uungwana wote, "Hamia kwangu. Kesho beba nguo zako uje."

Akageuka sasa, akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Chechi, mtu hajipeleki."

Kweli. Mtu hajipeleki. Nikaondoka na aibu yangu, na kabla sijafika mlangoni kwangu nilikuwa nimeshapanga safari.

Ila mtoto wa watu huwezi kumchukua bila ruhusa ya mamaye. Jumapili tukashuka sote watatu, yeye katikati, taratibu kama tumebeba mayai, mpaka kwenye duka la simu pale Dengfeng. Mume akaongea kwanza. Nikasikia Kimalayalam kikimwagika, lugha inayokwenda kama kokoto zikiteremka kwenye bati, kisha mama wa watu akalia upande ule. Kisha mume akaziba kipokeo kwa kiganja.

"Anauliza, huyo dada anaoga kabla ya kuingia jikoni?"

"Mwambie naoga mpaka kampuni ya maji imenishitaki."

Akasema kitu kifupi zaidi. "Anauliza mlango wako unatazama wapi."

"Mashariki." Mlango wangu ulitazama mlango wao, huo ndio mwelekeo pekee nilioujua.

"Anauliza nani atamkanda akishazaa."

"Mwambie nimekanda wazazi nusu ya Tanga. Nusu iliyobaki walikuwa wanaume."

Nikasikia mtu anacheka kwa pua. Msichana, amejiegemeza kwenye kaunta, mkono mdomoni. Wiki nzima sikuwa nimeona meno yake. Mume naye akatabasamu, akarudi kwenye simu, akasikiliza kwa muda mrefu. Safari hii alipogeuka hakuziba kipokeo.

"Anauliza, wewe mimba yako ya kwanza nani alikuchukua."

Nilikuwa na jibu la kuchekesha tayari ulimini, likakataa kutoka. Nikamwambia aeleze hivi: alikuja mama yangu, kutoka Pangani, peke yake, kwa sababu dada zake walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Alikuja na kuku wawili na mkungu wa ndizi, akafika kwa wakwe zangu amelowa mvua, hakukubali kukaa wala kunywa maji. Akasema, nimemfuata mwanangu. Basi.

Mume akatafsiri kwa sauti ndogo. Kisha nikasikia maneno machache, na msichana akaanza kulia, na mume akasema, "Amekubali. Isiwe Jumanne. Na iwe asubuhi."

Nikachagua Alhamisi. Siku mbili kabla, nilizunguka Yide Lu, barabara ya maduka ya vyakula vikavu, kutafuta karanga, tende na ufuta, nikarudi nikafunga mlango, nikakaanga na kuchemsha sukari mpaka jengo zima likapata ugonjwa wa meno. Kashata za nazi na za karanga, kaimati, visheti, vileja, tende za ufuta. Kwa desturi yao vilipaswa vitimie aina saba. Nilipokwama kwenye sita, mwenzangu wa Moshi, mama mmoja aliyekuwa ananunua nguo za watoto na ambaye nilimteua kuwa shangazi wa binti bila kumwuliza, akafika na ndizi mbivu.

"Hizi zinahesabika?" akauliza.

"Ukoo wetu ni maskini. Zinahesabika."

"Mimi Mchaga mzima, leo nimekuwa ukoo wa Kihindi."

"Funga kitenge vizuri, unakwenda kwa wakwe."

Alhamisi saa tatu asubuhi tukatoka kwangu na masinia kichwani. Kutoka kizingiti changu mpaka chao ni hatua nne, nimezipima. Lakini safari haiwezi kuwa fupi kiasi hicho, mtu anafuatwa. Kwa hiyo tulishuka ngazi mpaka chini barabarani, tukajipanga, tukapanda tena ghorofa tatu kwa vigelegele. Mchaga hajui kupiga kigelegele. Alitoa sauti kama honi ya lori. Ayi, mwenye nyumba, akatoka mbio na mikono yenye sabuni kuuliza nani kafa, na alipoambiwa na mume kwa Kichina kwamba tunamchukua mkewe kumpeleka kwao, akauliza kwao wapi. Mume akanyoosha kidole. Ayi akautazama ule mlango, akatutazama sisi na majasho yetu, akafuta mikono, akajiunga nyuma ya msafara.

Ndani hatukukaa. Tuliwapa vitamutamu, mume akala kimoja kwa adabu kisha saba kwa uroho. Nikasema nilichopaswa kusema: "Nimemfuata mwanangu." Msichana alikuwa amevaa sari ya harusi yake, maua meupe kichwani sijui aliyapata wapi. Akainama akagusa miguu ya mumewe, akasema maneno ya kwao. Baadaye alinieleza kwamba Mmalayali akiaga hasemi "naenda", hilo ni neno la kufa; husema "naenda nije". Nikamwambia hamtushindi, sisi mtu anakupa kisogo anatoka anakwambia "nakuja".

Hatua nne. Akavuka kizingiti changu kwa mguu wa kulia, akaketi kitandani kwangu, akaomba kashata. Kisha akaomba nyingine. Mchaga akanikonyeza, nami nikajifanya natafuta kitu jikoni mpaka macho yakauke.

Siku ileile jioni mume akakosea. Akafungua mlango wangu bila kubisha kama alivyozoea, nguo yake ya nyumbani ameikunja magotini. Wanaume wa kwao nyumbani huvaa shuka jeupe mfano wa msuli, na kutwa nzima wamelikunja nusu, kama watu wanaovuka mto. Akauliza, "Chechi, amekula?"

"Wewe nani?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwuliza tena, wewe nani, na umekuja kwa nani, na mkononi umebeba nini. Mkewe kitandani akajifunika shuka usoni, shuka linatikisika. Maskini bwana yule akasimama, akaelewa, akarudi kwake. Baada ya robo saa mlango ukabishwa. Alikuwa amechana nywele, ana machungwa kwenye mfuko, na aliponiona akaliteremsha lile shuka likafika vifundoni. Mbele ya mtu mzima wa kuheshimiwa ndivyo wafanyavyo. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara moja tu, bosi wake alipokuja. Nikamkaribisha kiti. Nikampa chai, nikakaa naye, tukaulizana habari za nyumbani kama watu waliotengana mwaka. Nikamruhusu kumwona mkewe kwa muda wa kikombe kimoja.

Wana wanne wa kiume, msomaji. Nimekwenda kuomba mabinti wa watu, nimekaa kwenye mikeka ya watu, nimemezwa na maswali ya wakwe. Na mimi nilikuwa namdai Mungu raha hii ya kuombwa binti.

Alikula. Miezi ile miwili alikula mpaka Mchaga akasema tuwe tunafungia unga. Alijifungua asubuhi moja ya mvua, mtoto wa kike, mweusi wa nywele kama mkaa, na nikawa mtu wa tatu kumbeba. Nikamkanda mama kwa maji ya moto na majani, nusu ya mapishi kutoka kwa mama yake kwa simu, nusu kutoka kwa mama yangu kwa kumbukumbu, na ayi akapanda kila siku na tangawizi iliyochemshwa na sukari nyeusi, maana na kwao mzazi asipokunywa tangawizi dunia inasimama. Mume alikuja kila jioni, akabisha, shuka vifundoni.

Siku zilipotimia akaja kumwomba. Nilimwongezea wiki, nikazua sababu. Mara mwezi mchanga, mara tumbo la mtoto. Mwisho sababu zikaisha. Wakavuka hatua nne kurudi kwao, yaani kwake, na mimi nikakaa kwenye nyumba iliyonuka mafuta ya nazi, nikasema basi, mchezo umekwisha, tulimdanganya mtoto wa watu mpaka akajifungua salama, tumefanya vizuri.

Ikapita kama wiki mbili. Saa nne asubuhi mlango wangu ukafunguliwa bila kubishwa. Msichana huyo, mtoto begani, mfuko wa nguo mkononi, macho mekundu. Akapita mbele yangu moja kwa moja, akamlaza mtoto kitandani kwangu, akakaa.

"Kuna nini?"

"Sirudi."

"Kafanya nini?"

"Mama alinitumia chupa ya achari ya embe, kwa mtu aliyekuja na ndege. Amekula yote. Nilikuwa nanyonyesha. Nilipotoka anafuta chupa kwa wali."

"Yote?"

"Amesema iliyobaki ilikuwa kidogo. Haikuwa kidogo."

Mtu anaweza kufikiri nilicheka. Nilikwenda jikoni nikashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Mwanamke hasusi akaenda hotelini. Hasusi akaenda kwa jirani. Ana mahali pamoja tu duniani pa kwenda na mfuko wa nguo kwa sababu ya achari.

Nikarudi nikamwekea wali. Mlango ukabishwa, taratibu kabisa. Mume, shuka vifundoni, mikono nyuma.

"Amma," akasema, na hilo ndilo neno lao la mama, "nimekuja kumchukua."

"Peke yako?"

"Ndiyo."

"Umemtia binti yangu machozi, halafu unakuja peke yako kama unafuata mwavuli? Nenda ulete mtu mzima wa upande wenu, tukae, tuzungumze."

Upande wao ulikuwa maelfu ya maili, ng'ambo ya bahari. Kichwa kikayumba, akageuka, nikasikia miguu yake ikishuka ngazi. Nikadhani amekasirika. Binti naye akaacha kula, akasikiliza.

Haikupita nusu saa. Akarudi na ayi. Mama wa watu alikuwa amebadili nguo, amevaa koti lake zuri na kupaka nywele maji, na mkononi ana kuku aliyechinjwa na Mwislamu wa kona, akanionyesha muhuri wake ili nisiwe na shaka. Akaketi kwenye kiti nilichompa. Akanywa chai. Kisha akaweka kikombe chini, akamnyooshea kidole mkwe wangu aliyesimama ukutani, akaanza kusema kwa Kichina, maneno marefu, mazito, na kila alipotua kidogo mkwe wangu akasema ndiyo. Nikamwuliza binti, anasemaje? Akasema Kichina hakielewi vizuri, ila anadhani ayi yuko upande wetu. Nikamwambia basi amsogezee chai, aendelee.